Bomba la Upande Usio na Jua

Chumba changu kimeshikana na nyuma ya nyumba ya watu, mtaa wa Rosettenville, Johannesburg, na ukuta wake wenye dirisha unatazama kusini. Kwetu Bujumbura habari hiyo haina maana yoyote, kwa kuwa jua hupita utosini na kila ukuta hupata zamu yake. Huku, miezi ya baridi, jua hupita upande wa kaskazini, chini chini, kama mtu anayekwepa salamu, na ukuta wa kusini hauguswi hata na mwali mmoja tangu Juni mpaka baridi iishe. Nami nilikuja kukikagua chumba mwezi wa Januari, joto limepamba moto, nikakisifu mbele ya mwenye nyumba kwamba kina ubaridi mzuri. Alinitazama, akanipa ufunguo.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kireno aliyehamia mji huu kutoka Msumbiji akiwa bado msichana. Watu wa Msumbiji waliojaa mtaani kwetu walimwita Vovo, yaani bibi, nami nikafuata mkumbo. Yeye aliniita filha, binti yangu, ingawa mvi zangu zilikuwa zimeshaanza kuchungulia kwenye kilemba. Tulizungumza Kiingereza cha viraka, kila mmoja akitia vipande vya kwao, kwa hiyo Kiswahili ninachomwekea kinywani hapa hakukisema. Lakini alichotaka kusema nakijua.

Yeye aliishi peke yake mbele, mimi peke yangu nyuma. Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu ni ya miguu, ya chuma, nzito kama kiburi, nimeiweka chini ya dirisha ili nipate mwanga. Nawashonea kina mama wa Kikongo nguo za kanisani. Jumamosi wanakuja na kelele zao tamu, wanapimwa, wananisengenyea mabwana zao, wanacheka, wanaondoka. Siku nyingine zote ni mimi na sindano. Binti yangu alizaliwa hapa hapa Johannesburg, sasa yuko Durban kikazi. Nikimsemesha Kiswahili kwenye simu ananijibu kwa Kiingereza, kwa upendo kabisa, kisha ananiambia yuko bize. Simlaumu. Au niseme ukweli: namlaumu, ila sijamwambia.

Nyumba za mji huu zilijengwa kana kwamba baridi ni uvumi. Kuta zinaganda, madirisha yanapitisha upepo, na watu wenye nyumba zao nzuri wanalala na makoti. Mtoto wa Vovo, mwanamume mtu mzima anayeishi Ulaya kwenye nchi ya theluji, alikuja kumtembelea mama yake mwezi wa Julai, akamkuta jikoni amefungua mlango wa oveni ameketi mbele yake, kofia kichwani. Akakasirika. Kabla hajaondoka aliagiza boila ya gesi, mtambo wa kupasha nyumba joto, kama ile ya nyumbani kwake. Ikafungwa ukutani jikoni, na vyuma vipana vya kupitisha maji ya moto vikawekwa chumbani mwa mama na hapo jikoni. Majirani walikuja kuvishika kwa viganja kama watu wanaozuru mtoto mchanga.

Boila ya namna hiyo, ikiunguza gesi, hutoa mvuke, na mvuke ule hupoa ukawa maji. Maji hayo lazima yatoke nje. Mafundi walitoboa ukuta wakapitisha bomba jembamba la plastiki, likatambaa nje, likapiga kona, likafuata ukuta wa kusini mpaka kwenye mtaro ulio chini ya dirisha langu. Hakuna aliyeniuliza. Toka siku hiyo, kila asubuhi, kichwani pangu hasa, ilisikika: tone. Kimya. Tone.

Wiki ya kwanza nililitukana bomba lile kwa lugha zote nilizo nazo. Halafu nikaanza kulisikiliza. Vovo alikuwa na mazoea yake, na hakuna mwana wa mtu ambaye angeyabadilisha: kila jioni aliizima boila kwa mkono wake, kwa kuwa moto usioangaliwa na mtu aliye macho ni moto wa mwizi. Asubuhi, kabla ya kahawa, kabla ya sala, alikwenda jikoni akaiwasha. Kwa hiyo nilipokuwa chini ya mablanketi nikasikia tone la kwanza, nilijua Vovo ameamka, amesimama, amefika jikoni kwa miguu yake. Ndipo na mimi nilipotoka kitandani. Nilivaa soksi, nikaketi, nikakanyaga cherehani.

Siku moja alinipa kahawa mlangoni mwa jikoni, akanionyesha kwa kidole kule nyuma kwangu.

"Nikisikia mashine yako," alisema, "husema moyoni, haya, sasa najua umeamka. Ndipo ninapokunywa kahawa yangu."

Sikumwambia habari za tone. Niliona haya kidogo, maana kumsikiliza mtu mzima anavyoamka si jambo la kujisifia. Lakini nilirudi chumbani nimefurahi mpaka nikashona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto. Katika mji huu wote wenye watu kama mchanga kulikuwa na mtu mmoja ambaye, nisingeamka, angejua kabla kahawa yake haijapoa. Asiyewahi kuishi peke yake ugenini ataona ni jambo dogo.

Baridi ya mwaka uliofuata iliingia kwa kishindo. Asubuhi moja ya Juni nililala nikingoja tone, halikuja. Taa yangu iliwaka, kwa hiyo umeme, ambao boila nayo huutegemea, haukuwa umekatika. Nilikuwa bado najiuliza niende au nisiende, mara nikasikia mlango unagongwa. Vovo alikuwa amesimama nje na koti juu ya gauni la kulalia, midomo imekuwa ya rangi ya zambarau.

"Imenguruma kama tumbo," aliniambia. "Kisha ikawasha taa nyekundu, ikafa."

Nilimwingiza ndani, nikamfunika na kila nilichokuwa nacho, pamoja na suti ya harusi ya mteja. Halafu nikamtafuta fundi wa gesi niliyemjua, Mkongo wa Lubumbashi ambaye mke wake namshonea. Alikuja, akaisikiliza boila, akatoka nje, akaliona bomba, akacheka.

"Mama, njo hii tuyau iko na shida," alisema, akiligonga bomba kwa kidole. "Ni nyembamba, tena inapita huku jua haifike. Boila inatema maji kidogo-kidogo, na maji kidogo njo inaganda mbio. Ikiganda, maji inarudi ndani. Boila inajifunga yenyewe, isiharibike. Haijafa, iko inajilinda."

Aliomba maji ya vuguvugu. Nilipomletea birika linalotoa mvuke alinizuia kwa mkono. Maji ya kuchemka yangepasua plastiki, alisema, na yatakayomwagika chini yangegeuka barafu ya kutuvunja miguu. Tulilimwagia bomba polepole, kuanzia mdomoni kurudi nyuma, tukakumbatisha kona kwa chupa ya mpira yenye maji ya moto. Baada ya muda kipande cha barafu kirefu kama penseli kikachomoka na kuangukia mtaroni. Boila ikawaka. Fundi alisema dawa ya kweli ni kuweka bomba nene zaidi, fupi zaidi, lenye mteremko, lakini hapo lazima ukuta utobolewe upya na mwenye mali akubali. Kwa sasa livalishwe kitu cha kuzuia baridi.

Mtoto wa Vovo alipopata habari alipiga simu, akaomba kuongea na mimi. Nilijiandaa kumchukia. Watu wa mbali wanaoamrisha mambo ya karibu siwapendi. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala vizuri.

"Mwisho wa mwaka nikija likizo nitatoboa huo ukuta," alisema. "Ila nakuomba uniambie ukweli. Mama akipata asubuhi nyingine moja ya baridi kama hiyo, simwachi hapo. Kuna makazi ya wazee Midrand, nimeshaongea nao, chumba kipo."

Nikasema sawa. Nilikata simu. Midrand si mbali kwa mwenye gari. Kwangu mimi ni taksi mbili na siku nzima ya kazi. Lakini si hilo lililonitisha. Nilichokiona ni mimi kitandani, asubuhi, na ukuta ule uko kimya.

Vovo naye alikuwa ameambiwa. Alisema atakufa akiwa jikoni mwake mwenyewe na si kwenye chumba chenye kengele. Akasema mimi ni fundi wa nguo, basi nilivalishe bomba nguo.

Nani angeniambia neno tamu kuliko hilo? Nilichukua utepe wa kupimia nikatoka nje, nikalipima bomba kama bibi harusi: urefu, unene, kona. Nilichagua vipande vya kitenge vilivyobaki, vyenye maua mekundu, nikaweka pamba katikati, nikavishona safu safu. Lilikuwa joho. Nililivalisha, nikafunga vifungo ubavuni, na mwishoni, pale mdomo wa bomba unapotazama mtaro, nikamalizia na pindo lenye lastiki, kama ufanyavyo mkono wa koti. Mimi siwezi kuacha mkono wa nguo wazi. Mkono usio na pindo ni kitambaa tu, hivyo ndivyo nilivyofundishwa kwetu, mtaa wa Buyenzi, na aliyenifundisha alikuwa na fimbo.

Asubuhi iliyofuata tone halikuja tena. Nilitoka nje, umande umeganda kwenye majani yanalia chini ya viatu, nikalikuta joho langu limekuwa gumu kama mfupa. Lastiki ilikuwa imeuziba mdomo. Maji machache yaliyobaki bombani usiku, pamoja na ya asubuhi ile, yalikuwa yamenyonywa na pamba, na pamba iliyolowa iliganda yote, nje na ndani. Nilikuwa nimelishonea bomba sanduku la barafu lenye maua mekundu.

Vovo alikuwa ameshafika mlangoni, koti juu. Hakunilaumu. Alilitazama lile joho lililosimama lenyewe, akajishika mbavu. Nikamwingiza chumbani kwangu, nikampandisha kitandani na viatu vyake, nikachomeka hita ndogo. Nilikuwa natoka na maji ya vuguvugu pale simu yake ilipoita. Alikuwa mtoto wake. Hupiga asubuhi hizo kabla hajaenda kazini, kutazama kama mama ameamka salama.

Vovo alinitazama. Mimi nikamtazama. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Niko jikoni," alimwambia, kwa sauti ya mtu aliyekalia moto. "Joto linanisumbua. Nataka hata kufungua dirisha."

Nikaliziba domo langu kwa kanga ili nisipasuke. Alipokata simu tulicheka mpaka machozi yakatutoka, wanawake wawili wazima tumekula njama kama watoto walioiba sukari. Kisha kicheko kilikwisha, tukabaki tunapumua.

"Ya pili hii hatuhesabu," alisema Vovo. "Lakini ya tatu siwezi kudanganya. Ananijua nikidanganya mara mbili."

Nikampigia simu fundi wa Lubumbashi. Nilipomweleza habari ya pindo alikohoa kuficha kicheko, kwa heshima, nadhani.

"Eish, mama," alisema. "Mudomo ya tuyau hawafungake. Na pamba hapana. Tafuta ile sponji nyeusi ya tuyau, haikunywake maji. Alafu funika na kitu ya nailoni. Kona njo uangalie sana, baridi inaingilaka pale."

Sponji hiyo ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, imekatwa kama mrija wenye mpasuko ubavuni, unaupanua unalivisha bomba. Nilinunua. Tatizo lilikuwa kona, kama alivyosema: mrija mmoja unakuja huku, mwingine unakuja kule, na katikati panabaki uwazi wa kidole. Hapo nilitulia, maana kona ya bomba ni kiwiko, na viwiko nimevishona maisha yangu yote. Nilikata kipande cha pembe tatu cha kuongeza nafasi kwa nyuma, kikaziba vizuri. Kilichobaki ni ganda la nailoni.

Chini ya kitanda changu kulikuwa na shangazi kaja. Mnalijua begi lile, la nailoni ya miraba miraba, nyekundu na buluu na nyeupe, ambalo kila mtu aliyewahi kuhama nchi amelibeba. Langu nilitoka nalo Bujumbura, likavuka mipaka yote pamoja nami, na nilipopata chumba sikulifungua lote. Ndani mlikuwa na nguo za kubadili, vyeti, sufuria moja, viatu vya kutembelea mbali. Miaka yote hiyo lilikaa limefungwa. Kila uvumi ulipopita mtaani kwamba wageni watafukuzwa, nililisogeza karibu na mlango. Uvumi ukipoa, nililirudisha chini ya kitanda. Sijui nilikuwa nikingoja nini. Labda begi lililofungwa lilinifanya nijione bado ni mpita njia, na mpita njia hana sababu ya kulalamika kwamba hajulikani na mtu.

Siku hiyo nilimimina kila kitu kitandani. Nguo nikazitundika, sufuria nikaiweka kwenye rafu, vyeti nikavitia kwenye droo. Nilichukua mkasi nikalikata shangazi kaja kwa urefu. Nailoni ile ilikwaruza sindano, lakini ilikubali. Nililishonea bomba koti la miraba, mshono nikauelekeza chini ili maji yasiingie, nikafunga na utepe wa gundi. Mdomo nikauacha wazi. Mkono wangu uliniwasha kutaka kuupinda, nikaukataza.

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nililala nimetoa kichwa nje ya blanketi.

Tone. Kimya. Tone.

Nilipiga kelele peke yangu chumbani, nikakanyaga cherehani hata sijavaa soksi. Baadaye Vovo alitoka kulitazama. Alilizunguka, akalipapasa kwenye kiwiko, akasema limependeza kuliko yeye. Wiki baada ya wiki umande uliganda kwenye majani, bomba la bustani la jirani likapasuka, na letu likadondoka kila asubuhi ndani ya koti lake la safari. Mtoto wake alipopiga simu, Vovo hakuhitaji kudanganya. Nilianza hata kulala usingizi wa mtu mwenye kwake.

Ikafika Agosti, baridi inakaribia kukata tamaa. Asubuhi moja niliamka nikangoja. Kulikuwa kumekucha. Nikavuta blanketi. Nilijiambia Vovo amechelewa kidogo, uzee nao una haki zake. Nikangoja tena. Mwanga ulifika kwenye cherehani, na bado hapakuwa na tone.

Nikawasha taa, ikawaka. Nikapasha maji ya vuguvugu, nikatoka na birika, na ninataka niseme wazi nilichokuwa nikikiomba. Niliomba barafu. Mimi niliyeipiga vita barafu kipupwe kizima, nilikuwa nikimwomba Mungu nikute bomba limeziba, limekuwa jiwe, koti langu lote limekuwa kazi bure, na Midrand iwe Midrand. Nilipiga magoti penye mtaro nikatazama mdomo wa bomba. Tone la jana lilikuwa linaning'inia pale, maji matupu, na nilipolishika likanilowesha kidole. Nikabonyeza koti kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lilikuwa laini kote, hata kwenye kiwiko. Bomba halikuwa na kosa lolote.

Nililiacha birika pale pale nikakimbia.

Ufunguo wa jikoni alikuwa amenipa zamani. Vovo alikuwa sakafuni, chini kabisa ya boila, mguu mmoja umekaa vibaya, gauni la kulalia, miguu mitupu juu ya vigae. Mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea kwenye kitufe asichokifikia. Macho yalikuwa wazi. Nilimvulia kila kitu nilichovaa juu nikamfunika, nikalala sakafuni kando yake nikamkumbatia ili nimpe joto, huku naita gari la wagonjwa kwa simu iliyokuwa inaniponyoka mkononi.

"Vovo, kwa nini hukuita?" nilimwuliza. "Ukuta ni huu hapa. Ungeita ningesikia."

Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Nilikuwa nangoja mashine," alisema. "Sikutaka kukuamsha. Nilisema, nikisikia mashine, nitajua ameamka, ndipo niite."

Nilimkumbatia kwa nguvu zaidi. Yeye alilala juu ya vigae akingoja cherehani, nami nililala kwenye mablanketi nikingoja tone. Tulikuwa macho wote wawili, ukuta mmoja katikati, kila mmoja akimstahi mwenzake.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Mtoto wake alikuja kwa ndege, akanikuta hospitalini, akaniuliza jambo moja tu kabla ya yote.

"Bomba liliganda?"

"Halikuganda," nilimwambia. "Njoo uliguse ukitaka."

Aliniamini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumwahi mama yake, na shukrani ile ilinichoma maana nilijua nilivyochelewa. Kisha akampeleka Midrand. Niliuzuia ubaridi usiingie kwa kila njia niliyoijua, na Vovo akaondoka kupitia mahali ambapo sikuwa nimepafikiria hata mara moja.

Nyumba ya mbele sasa imefungwa. Mtoto wake hajaamua kama ataiuza, ameniachia chumba na kuniomba nifungue madirisha mara kwa mara. Nayafungua. Boila iko ukutani, baridi na nyeupe. Nje, bomba limekauka ndani ya koti lake la miraba, na sijalivua. Asubuhi za kwanza ukimya ulinilaza kitandani mpaka mchana. Hapakuwa na sababu ya kuamka saa hii badala ya saa ile, wala mtu wa kujua tofauti. Nililia, tena si kidogo. Kina mama wa Kikongo walipokuja kuchukua nguo zao walizikuta hazijaguswa, wakanisamehe kwa kelele.

Halafu asubuhi moja Vovo alipiga simu. Kule wana joto, aliniambia, joto linatoka darini lenyewe, hakuna anayewasha, hakuna anayezima, na hakuna kinachosikika. Wauguzi wanavaa viatu vya mpira. Alisema hajui watu wanaamka saa ngapi mahali kama pale.

"Kanyaga mashine," aliniambia.

"Sina cha kushona hapa, Vovo. Sijaweka nguo."

"Kanyaga."

Niliiweka simu juu ya meza ya cherehani, nikaketi na gauni langu la kulalia, nikakanyaga. Sindano ilipanda na kushuka bila kitambaa chini yake. Nilikanyaga mpaka miguu ikapata moto. Nilipoacha nilisikia kwenye simu kijiko kinagonga kikombe. Kimya. Kikagonga tena.

"Sasa najua umeamka," alisema Vovo.

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya, ila kwa sharti moja ambalo tulikubaliana palepale: hakuna kungojana. Anayefumbua macho kwanza ndiye anayeanza. Mara nyingi ni mimi. Nampigia, nakanyaga hewa, nasikiliza kijiko, kisha tunakata simu, nami nabaki na siku nzima mbele yangu.